Jalada la Mhitaji: Utunzaji na Uteketezaji wa Kumbukumbu za Ustawi wa Jamii katika Kiswahili cha Ofisi za Dar es Salaam



Utangulizi

Utafiti wa Kiswahili umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya matini zinazojulikana na wengi: tenzi na mashairi, riwaya na tamthiliya, magazeti, hotuba za viongozi na masimulizi ya wazee. Ipo hazina nyingine ambayo ni nadra kufikiwa na mwanaisimu au mhakiki wa fasihi. Hazina hiyo ni majalada ya mashauri yanayofunguliwa katika ofisi za ustawi wa jamii. Humo mna maneno ya mama aliyetelekezwa na mume akiwa na watoto wadogo, ya mzee asiye na wa kumtunza, ya mtoto aliyeokotwa kituo cha basi, ya mtu mwenye ulemavu anayeomba nyenzo za kutembelea. Mhitaji husimulia, afisa huandika, karatasi hutobolewa na kufungwa ndani ya jalada, na jalada hupewa namba. Tangu hapo maisha ya mtu yule yana nakala serikalini, na mara nyingi hiyo ndiyo nakala pekee.

Mhadhara huu unahusu hatima ya nakala hiyo. Jalada la mhitaji litunzwe kwa muda gani? Siku ya kuteketezwa ikifika, nani aamue, na kwa kanuni ipi? Maswali haya kwa kawaida huachiwa makarani na wanasheria. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hayo ni maswali ya lugha pia, kwa sababu jalada hupatikana au hupotea kwa maneno: jina lililoandikwa juu yake, neno lililotumika kuainisha shauri, na kauli anayopewa mwananchi dirishani. Mifano inatolewa katikati ya jiji la Dar es Salaam, hasa Kariakoo na Mnazi Mmoja, mahali ambapo wahitaji ni wengi, wapangaji huhama kila mara, na karatasi iliyokwisha tumika ina bei yake sokoni.

Maneno ya masijala

Msamiati wa utunzaji wa kumbukumbu ni makumbusho ya historia ya Bahari ya Hindi. Neno masijala linatokana na mzizi uleule wa Kiarabu unaotoa sijili, yaani daftari la kuandikia mambo rasmi. Jalada asili yake ni ngozi ya kufunikia kitabu. Waraka ulikuwa jani au karatasi kabla ya kuwa barua ya serikali, na hati ilikuwa mwandiko kabla ya kuwa ushahidi. Cheti na karani vimefika pwani kwa njia ya Bara Hindi. Faili, rejesta na kaunta buku vimetoka kwa Waingereza. Katikati ya wageni hao wote limesimama neno moja la Kibantu, kumbukumbu, lililoundwa kwa kurudufu shina la kitenzi kumbuka.

Neno hili lina uzito wa pekee. Kiswahili hakitenganishi kumbukumbu iliyo kichwani mwa mtu na kumbukumbu iliyo kabatini mwa ofisi. Kila barua ya serikali hubeba juu yake kifupisho Kumb. Na., kama kwamba ofisi nayo ina akili inayokumbuka. Kutokana na matumizi hayo, ofisi inapopoteza jalada, mwananchi haoni kwamba karatasi zimepotea tu. Anaona kwamba amesahauliwa.

Kauli inayotumika katika hali hiyo inastahili kuchunguzwa. Mwananchi huambiwa: jalada halionekani, njoo wiki ijayo. Kitenzi onekana, kwa mnyambuliko wake wa kutendeka, hakihitaji mtenda. Halionekani haisemi kwamba mtu fulani hakulitafuta, wala kwamba mtu fulani alilichukua. Limepotea inakaribia kukiri jambo, lakini nayo haina mtenda. Limepotezwa inadai mtenda, na ndiyo sababu ni nadra kusikika dirishani. Kwa upande mwingine, lugha rasmi ya kumaliza uhai wa jalada imechagua kuteketeza, kitenzi cha kusababisha kilichotokana na teketea. Kuteketeza lazima kuwe na mtenda. Tofauti baina ya halionekani na limeteketezwa ndiyo tofauti baina ya uzembe na uamuzi. Ofisi inayoweza kusema kwamba jalada fulani liliteketezwa tarehe fulani, kwa idhini ya mtu fulani, imetimiza wajibu wake. Ofisi inayosema kila mara kwamba jalada halionekani haijautimiza, hata kama karatasi zote bado zimo ndani ya jengo.

Lugha ya jalada lenyewe ni mseto. Mwezi Januari 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zote za serikali. Hata hivyo, maafisa ustawi wa jamii waliendelea kufundishwa kwa Kiingereza, na taarifa zao kwa mahakama ziliendelea kuandikwa kwa lugha hiyo. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2021 ndiyo iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kwa hiyo jalada la miaka ya 1980 au 1990 linaweza kuwa na maelezo ya mlalamikaji kwa Kiswahili cha mtaani, dokezo la afisa kwa Kiswahili cha ofisini, na taarifa ya mahakama kwa Kiingereza. Shauri moja linasimuliwa mara tatu, na kila msimulizi huacha kitu.

Mtaa uliopewa jina na orodha mbovu

Kariakoo ni mahali panapofaa kuanzia, kwa kuwa jina lenyewe limetokana na taasisi iliyoshindwa kutunza kumbukumbu za wanyonge wake. Baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, eneo hilo lilikaliwa na wapagazi wa kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Ulimi wa Mswahili uliligeuza jina hilo likawa Kariakoo. Wapagazi wa vita ile walikuwa mamia ya maelfu. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi, na wengi walirudi makwao bila kufikiwa na mishahara yao. Sehemu ya sababu ilikuwa orodha. Majina yaliandikwa na watu wasiojua lugha za wenye majina. Kijiji kiliandikwa kwa matamshi ya mwandishi. Jina la utani liliandikwa badala ya jina la kuzaliwa. Fedha zilikuwapo vitabuni, lakini hapakuwa na njia ya kumfikia mwenye nazo wala warithi wake.

Upande wa pili wa vita hiyohiyo una kisa kinachosimuliwa sana. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliidhinisha malipo kwa askari wa zamani wa jeshi la Wajerumani waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba huko Mwanza walijitokeza wazee mamia, na wachache mno kati yao walikuwa na vyeti. Mlipaji, kwa kukosa namna nyingine, alimpa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyekosea. Kisa hiki hupendwa kwa ucheshi wake. Hata hivyo, mtu akikitazama kwa makini ataona jambo la kusikitisha: mzee wa miaka sabini na kitu alilazimika kuutumia mwili wake kama jalada, kwa sababu jalada lenyewe halikuwapo. Askari alikuwa na gwaride la kuonyesha. Mpagazi je, angeonyesha nini?

Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilianzisha huduma za ustawi wa jamii, kwa kiasi kikubwa kwa ajili ya askari waliorejea kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilijengwa pale Mnazi Mmoja, mpakani mwa Kariakoo, kituo cha jamii kwa fedha za tajiri wa Kigiriki, George Arnautoglu. Wakazi wa mji wakakiita Anautoglo, na jina hilo limedumu. Tangu wakati huo msaada wa serikali kwa mtu mmoja mmoja umeambatana na karatasi. Anayesaidiwa huandikwa.

Jina na jalada

Jalada hutafutwa kwa jina au kwa namba. Mhitaji hukumbuka jina lake. Ni nadra kukumbuka namba. Lakini jina la Mswahili wa mjini si kitu kimoja kisichobadilika.

Kwanza, lipo tatizo la tahajia. Khadija, Hadija na Hatija wanaweza kuwa mtu yuleyule. Ndivyo ilivyo kwa Fatuma na Fatma, Ramadhan na Ramadhani, Abdalla na Abdallah. Karani wa asubuhi akiandika hivi na karani wa jioni akiandika vile, mtu mmoja atakuwa na majalada mawili, na shauri lake litaanza upya.

Pili, lipo tatizo la muundo. Katika nyaraka za zamani mtu aliandikwa kwa bin au binti. Baadaye maneno hayo yaliachwa, na jina likawa la mtu, la baba na la babu kwa kufuatana. Mwanamke aliyeandikwa Mwajuma binti Salum mwaka 1958 anaweza kuonekana kama Mwajuma Salum mwaka 1975, na kama Mwajuma wa ukoo wa mumewe mwaka 1990.

Tatu, lipo tatizo la heshima. Mtu mzima mwenye mtoto haitwi jina lake mtaani. Huitwa Mama Fulani au Baba Fulani. Majirani wa nyumba moja ya vyumba sita pale Mtaa wa Narung'ombe au Mtaa wa Mkunguni wanaweza kukaa miaka kumi wakiulizana hali bila kuyajua majina yao ya vyeti. Afisa anapofika kufanya uchunguzi wa kijamii akiwa na jina la kwenye jalada, majirani humwambia kwa unyofu kabisa kwamba mtu huyo hayupo.

Kwa miaka mingi pengo hili lilizibwa na mjumbe wa nyumba kumi, kisha na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, anayetoa barua ya utambulisho. Mjumbe alijua nani ni mama wa nani. Lakini daftari lake lilikaa nyumbani kwake. Akihama au akifariki, daftari lilihama au likafa naye. Siku hizi namba ya kitambulisho cha taifa, inayotolewa na mamlaka iliyoundwa mwaka 2008, imepunguza tatizo, ila haijaliondoa. Tofauti ya herufi moja baina ya kitambulisho na cheti cha kuzaliwa humrudisha mtu dirishani.

Katika karne hii Kiswahili kimezaa neno linaloeleza upande wa pili wa tatizo hili. Mwaka 2016 nchi nzima ilizungumzia watumishi hewa, na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ukapata kaya hewa. Hewa katika matumizi hayo ni mtu aliyepo kwenye karatasi na asiyekuwapo duniani. Lugha imempa jina huyo kwa sababu anaila fedha ya umma. Mtu wa aina ya pili, aliyepo duniani na asiyekuwapo kwenye karatasi, hajapewa jina. Uhakiki unaomwondoa wa kwanza ndio unaoweza kumtupa wa pili pamoja naye, iwapo rejesta ya awali haikutunzwa vizuri ili kuthibitisha haki yake.

Mwenye jalada ni nani?

Jalada haliwezi kutunzwa ikiwa mwenye kulitunza hubadilika kila mara. Jiji la Dar es Salaam ni mfano mzuri. Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 yalifuta halmashauri za miji, nazo zikarejeshwa mwaka 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na kuwekwa Tume. Mwaka 2000 jiji liligawanywa katika manispaa tatu za Kinondoni, Ilala na Temeke. Baadaye zikazaliwa Ubungo na Kigamboni. Mwezi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji iliyokuwapo ilivunjwa tena, na Ilala, yenye Kariakoo ndani yake, ikapandishwa kuwa Jiji.

Huduma ya ustawi wa jamii nayo imehamahama. Ilipata kuwa pamoja na kazi, kisha pamoja na afya, na tangu mwezi Januari 2022 imo katika Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, huku maafisa walioko wilayani wakiwa chini ya serikali za mitaa. Aidha, baada ya tangazo la mwaka 2016, wizara zilihamia Dodoma. Kila mabadiliko ya aina hii huuliza swali lilelile: majalada yahame na nani? Shauri linaloendelea hufuata afisa. Shauri lililofungwa hubaki stoo, katika jengo ambalo mpangaji wake mpya halijui. Huko hukutana na unyevu wa pwani, mchwa, panya, na katika maeneo yaliyo karibu na bonde la Msimbazi, mafuriko. Mtu akiuliza, jibu ni lilelile: halionekani.

Sheria inasemaje

Tanzania haikosi sheria. Hifadhi ya nyaraka za taifa ilianzishwa mara tu baada ya uhuru, ikapewa sheria mwaka 1965. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 iliunganisha utunzaji wa kumbukumbu zinazotumika na uhifadhi wa zile za kihistoria chini ya mamlaka moja. Nyaraka zina makao yao Upanga, Dar es Salaam, na Dodoma kuna Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu kinachopokea kumbukumbu tuli, yaani zilizokwisha matumizi ya kila siku. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kiongozi wa taasisi ya umma ndiye mwenye dhamana ya kumbukumbu za taasisi yake. Hakuna kumbukumbu ya umma inayoruhusiwa kuteketezwa bila idhini ya Mkurugenzi. Na kanuni ya jumla ni kwamba nyaraka hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30.

Miaka 30 inatosha kwa mikutano ya wizara. Je, inatosha kwa jalada la mtoto? Mtoto aliyeokotwa akiwa na siku tatu, akapelekwa katika makao ya watoto, atakuwa na umri wa miaka 30 jalada lake litakapofikia umri wa kufunguliwa kwa msomaji yeyote. Yeye mwenyewe atakuwa hai, pengine ana watoto. Taarifa za mahali alipookotwa na hali yake ya siku ile zingeweza kusomwa na mgeni kabla yeye hajazisoma.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inataka taarifa za mtu zisitunzwe kwa muda unaozidi mahitaji ya lengo lililofanya zikusanywe. Sheria ya kwanza inamwambia karani: usiteketeze bila idhini. Ya pili inamwambia: usitunze bila sababu. Sheria hizi hazipingani, lakini zinamtaka karani awe na kitu ambacho masijala nyingi ndogo hazina, yaani mwongozo ulioandikwa wa kutunza na kuteketeza, unaotaja kila aina ya jalada na muda wake.

Muda huo hauwezi kukisiwa. Lazima utoke katika uhai wa haki inayolindwa. Mfano wa wazi ni matunzo ya mtoto. Kwa miongo kadhaa, chini ya sheria iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, mahakama iliweza kumwamuru baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alipe kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi, kiasi ambacho kufikia miaka ya 1990 hakikutosha hata nauli za kwenda kukidai. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta sheria hiyo. Majalada ya matunzo yaliyofunguliwa chini yake yanaweza kuonekana hayana kazi tena. Lakini ndani yake, zaidi ya hesabu ya shilingi, mna kukiri kwa baba. Baba akifariki miaka 25 baadaye na mirathi ikafunguliwa, karatasi ile aliyotia sahihi mbele ya afisa inaweza kuwa ndiyo ushahidi wa maandishi pekee kwamba mtoto ni wake. Anayeliteketeza jalada hilo kwa kuwa malipo yamekwisha ameteketeza nasaba.

Karatasi sokoni na suala la stara

Hoja iliyotolewa hadi sasa inaelekea upande wa kutunza. Ni lazima upande wa pili upewe haki yake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata katika ofisi ya ustawi ni afisa. Mhitaji husema mbele yake mambo ambayo hajamwambia ndugu yake: kipigo, ugonjwa, mimba, njaa. Husema kwa sharti la stara. Stara si usiri wa kisheria peke yake. Ni wajibu wa kuifunika aibu ya mwenzako hata pale usipolazimishwa.

Stara huvunjwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutunza ovyo. Ya pili ni kutupa ovyo. Kila mkazi wa Kariakoo anajua kwamba karatasi iliyokwisha andikwa haipotei bure. Karanga hutiwa katika karatasi iliyokunjwa mfano wa pia, mandazi na vitumbua hufungwa kwa magazeti, na karatasi za ofisi na za mitihani huuzwa kwa kilo. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mahitaji ya karatasi za kufungia yamezidi. Katika mazingira hayo, ofisi inayotoa mafurushi ya karatasi nje kama taka inayaingiza katika biashara, na jina la mtu, ugonjwa wake na ugomvi wa nyumba yake vinaweza kumfikia jirani yake vikiwa vimefunga karanga.

Utamaduni wa pwani una mafundisho juu ya jambo hili. Katika vyuo vya Kurani, kurasa zilizochakaa hazitupwi jalalani. Huchomwa au huzikwa mahali safi, ili zisikanyagwe. Kinachoheshimiwa ni neno lililoandikwa. Jalada la mhitaji si maandiko matakatifu, lakini ni amana, na amana hurejeshwa kwa heshima au humalizwa kwa heshima. Neno kuteketeza lina maana hapa: kumaliza kabisa, mbele ya mashahidi, na kuacha orodha ya kilichoteketezwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema. Na jalada lililoteketezwa bila orodha nalo limepotea bila habari.

Walioteketeza mapema mno

Historia ina mafunzo kwa wanaoharakisha. Mwaka 2010 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza iliteketeza kadi za kuingilia nchini za watu waliofika kutoka visiwa vya Karibi katika miongo ya katikati ya karne ya 20. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa ulinzi wa taarifa binafsi. Baadaye, watu wa kizazi hicho, kizazi cha Windrush, walitakiwa wathibitishe tarehe waliyofika. Wengi hawakuweza. Baadhi walinyimwa kazi na matibabu, na wengine walifukuzwa nchini, mpaka kashfa hiyo ilipofichuka mwaka 2018. Kadi zilikuwa karatasi ndogo zisizotumiwa na mtu. Thamani yake ilionekana siku ya kuzihitaji.

Karibu zaidi, Zanzibar inatoa mifano miwili. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, naye aliandikwa. Kumbukumbu hizo zimetunzwa katika Nyaraka za Taifa Zanzibar, na leo ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mnyonge wa karne ya 19 anaonekana kwa jina lake. Karani wa wakati ule hakukusudia kumwandikia mwanahistoria, aliandika shauri. Mfano wa pili ni pensheni jamii iliyoanza mwezi Aprili 2016, ambapo kila mzee mkazi mwenye miaka 70 na zaidi alilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Waliostahili wakati huo walizaliwa kabla ya Mei 1946, zama ambazo kuandikisha uzazi hakukuwa desturi ya wengi. Haki mpya ya mzee ilitegemea karatasi ya zamani.

Kariakoo yenyewe ilikumbushwa jambo hili usiku wa tarehe 10 Julai 2021, soko kuu lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970 lilipoungua. Baada ya moto ule, swali la nani alikuwa na kizimba na nani hakuwa nacho likawa swali la orodha na uhakiki wa majina. Bidhaa zilizoungua zilionekana kwa macho. Haki ya kurudi sokoni ilihitaji daftari.

Wajibu wa wanazuoni wa Kiswahili

Mambo manne yanapendekezwa. La kwanza ni kutenganisha rejesta na jalada. Rejesta, yenye jina, tarehe, aina ya shauri na uamuzi, itunzwe daima. Ni nyembamba na haina siri nyingi, lakini inatosha kuthibitisha kwamba mtu fulani alifika, akasikilizwa. Mwili wa jalada ndio uwe na ukomo.

La pili ni kupanga ukomo kwa uhai wa haki. Jalada la msaada wa mara moja, kama nauli ya kumrudisha msafiri aliyekwama, linaweza kumalizwa baada ya miaka michache. Jalada la matunzo, la nasaba, la kuasili au la mtoto aliyelelewa makaoni litunzwe maisha yote ya mtoto huyo, na yeye awe wa kwanza kuruhusiwa kulisoma.

La tatu linawahusu wanaisimu moja kwa moja. Masijala zinahitaji orodha sanifu ya majina na tahajia zake mbadala, ili anayetafuta Hadija apelekwe pia kwa Khadija. Zinahitaji orodha ya istilahi za mashauri, maana istilahi hubadilika. Aliyeandikwa kilema zamani aliandikwa mlemavu baadaye, na sasa ni mtu mwenye ulemavu. Aliyekuwa fukara amekuwa asiyejiweza, kisha mlengwa. Kila badiliko lilikuja kwa nia njema ya kulinda utu, lakini anayetafuta kwa neno la leo hatapata kilichoandikwa kwa neno la jana. Orodha ya namna hiyo ni kazi ya taasisi za Kiswahili, na haitakamilika ikiwa itaachiwa makarani peke yao.

La nne ni kuhifadhi sampuli. Si busara kutunza kila jalada, wala si busara kuteketeza yote. Sehemu ndogo, iliyochaguliwa kwa kanuni inayojulikana, ipelekwe katika hifadhi ya taifa na kufungwa kwa muda unaozidi uhai wa waliotajwa. Watafiti wa kizazi kijacho watakuta humo Kiswahili ambacho hakimo katika kitabu chochote: namna mama wa Gerezani alivyoomba, namna afisa alivyokataa kwa adabu, namna maneno ya dola juu ya maskini yalivyobadilika.

Hitimisho

Mjadala wa kutunza au kuteketeza mara nyingi huendeshwa kama mashindano baina ya historia na nafasi ya kabati. Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba mwenye madai makubwa zaidi si mwanahistoria wala bwana stoo, bali ni yule aliyesimulia. Ana haki ya kukumbukwa anapohitaji ushahidi, na ana haki ya kusitiriwa anapokuwa hauhitaji tena. Haki hizo mbili hutimizwa na kitendo kimoja: uamuzi unaofanywa kwa wakati wake, na mtu anayejulikana, na kuandikwa kwa lugha ambayo mhitaji mwenyewe anaweza kuisoma. Siku ambayo karani wa masijala atakuwa na mwongozo huo mezani, ndipo mwananchi aliyesimama dirishani atakapoweza kupewa jibu lenye mtenda ndani yake: jalada lako lipo, au jalada lako liliteketezwa tarehe hii, kwa sababu hii, na jina lako limo katika rejesta.